Chambo Kinatoka Wapi?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji waliokosa kuyasikiliza.)

Nazungumza nawe kutoka hapa Mwanza, mji wa mawe na samaki, na leo sitakupeleka mbali. Nitakushusha hadi mwaloni, nikupandishe mtumbwini, nikulaze ziwani usiku mmoja, kisha nikurudishe nyumbani salama. Ila nakuonya mapema kwamba katika safari hii mimi msimulizi sikutoka na heshima yote niliyoingia nayo.

Jambo lenyewe lilianza kwa zawadi. Mgeni mmoja, mtalii, alipita Mwanza akirejea kwao kutoka Rubondo. Kwa msikilizaji asiyekijua, kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na ni mahali ambapo mgeni mwenye kibali huruhusiwa kuvua sangara kwa ufito na mshipi, kwa burudani tu. Mgeni wangu alikuwa amemaliza burudani yake, akaniachia kisanduku kidogo cha plastiki. Ndani mlikuwa na samaki mmoja wa bandia, mrefu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Mgongo wake ulipakwa rangi ya kijani, tumbo rangi ya fedha, macho yamechorwa kwa ustadi, na chini ya tumbo zilining'inia ndoano mbili, kila moja ina ncha tatu. Mdomoni alikuwa na kibapa kidogo cha plastiki kinachomfanya ayumbeyumbe anapovutwa majini.

Kama ilivyo kazi yangu, nikatafuta habari zake. Nikakuta kwamba mmoja wa watu waliozipa sifa chambo za namna hii alikuwa mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala. Mwaka 1936 alitengeneza samaki wake wa kwanza kwa kisu na kipande cha gome jepesi, akamfunga karatasi ya fedha ya chokoleti, akampaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasiingie. Alikuwa ameona jambo moja ziwani kwao: samaki mkubwa hupita katikati ya kundi la samaki wadogo wazima, akamfuata yule mmoja anayeogelea upande kama mgonjwa. Basi akatengeneza samaki mgonjwa wa mti. Leo chambo za jina lake hutupwa majini kila pembe ya dunia. Wamarekani huzitumia kumvua samaki wao mpendwa wa maji baridi aitwaye bass, mwenye mdomo mpana, na wana mashindano makubwa ya kumvua na kumwachia. Samaki huyo hata Afrika Mashariki yupo. Alipandikizwa katika ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1929, ili walowezi wapate cha kuchezea kwa ufito siku ya mapumziko.

Baada ya kusoma hayo nikajiona mjuzi. Jumamosi moja nikamchukua samaki wangu, nikaenda naye kwa baba mdogo.

Baba mdogo ni ndugu wa marehemu baba yangu. Ana umri unaokaribia miaka 70, na amevua ziwa hili tangu ujana wake. Ana mtumbwi wa mbao wenye injini ndogo, na siku hizi anavua kwa migonzo, yaani ile kamba ndefu yenye vikamba vifupi vingi, kila kikamba na ndoano yake. Mwalo wake sitautaja, na ukinisikiliza hadi mwisho utajua kwa nini.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Umetuletea nini kutoka mjini?”

Nikafungua kisanduku. Vijana waliokuwa wakinoa ndoano wakatuzunguka. Mmoja akauliza kama samaki huyo anatumia betri. Mwingine akasema hata paka wa mwaloni hawezi kudanganyika naye. Baba mdogo hakucheka. Alimweka kiganjani, akamgeuza mara mbili, kisha akauliza bei yake. Nikamjibu kwamba, kwa maelezo ya mgeni, ni kama shilingi 40,000 za kwetu.

“Kwa fedha hiyo,” akasema, “mimi napata chambo cha usiku mzima.” Akamtazama tena samaki wa bandia. “Halafu, mbona huyu ni furu?”

Hapo, ndugu msikilizaji, sina budi kusimama kidogo, kwa sababu wako vijana wa Mwanza leo ambao furu hawamjui. Furu ni visamaki vidogo vya ziwa hili, vingine vyekundu, vingine bluu, vingine vya manjano, vingine vya kijivu kama jiwe. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Baba mdogo anasimulia kwamba utotoni mwao, mtoto alikunja pini, akachomeka nyungunyungu, akakaa juu ya jiwe, na kabla jua halijapanda alikuwa na mboga ya nyumba nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, uchunguzi wa ziwa ulionyesha kwamba furu walikuwa asilimia 80 hivi ya uzito wa samaki wote. Hapa Mwanza walivuliwa kwa matrola wakasagwa kuwa chakula cha mifugo. Kuku wetu walikula furu, na bado furu hawakwisha.

Lakini mpango wa kuwamaliza ulikuwa umekwisha anza zamani, ingawa haukuitwa hivyo. Katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza, sangara aliingizwa katika ziwa hili upande wa Uganda. Yeye si mwenyeji hapa. Kwao ni mto Nile na maziwa kama Albert na Turkana. Hoja ya waliomtaka ilikuwa rahisi kueleweka. Walisema furu ni wadogo, wana miiba, hawana bei. Tulete samaki mkubwa awale hao, awageuze kuwa nyama inayouzika, na mabwana wapate samaki wa maana wa kuvutana naye kwa ufito. Mtaalamu mmoja wa samaki, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kuonya kwamba matokeo ya jambo hilo hayatabiriki. Wakati huo sangara alikuwa tayari majini.

Kwa miaka mingi sangara alikaa kimya. Katika miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakihesabu furu katika ghuba hii hii ya Mwanza, waliona nyavu zao zikibadilika mwaka hadi mwaka: furu wakipungua, sangara wakijaa. Aina zipatazo 200 za furu hazikuonekana tena. Kwa lugha ya wavuvi, furu wote wa ziwa zima walifanywa chambo mara moja.

Sasa nisiwe mtu wa kukana fadhila. Sangara alileta viwanda vya minofu hapa Mwanza, akaleta ajira, akaleta fedha za kigeni. Minofu ikaenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki. Mabondo yake leo yanakwenda Asia kwa bei inayoishinda minofu mara nyingi. Na mimi ninayezungumza nawe, ada ya chuo nilikopata stashahada yangu ya uandishi wa habari ililipwa na baba mdogo huyu, kwa fedha ya sangara. Kwa hiyo nikimsema sangara, namsema mfadhili wangu.

Tuendelee na safari. Alasiri ile chambo kililetwa. Walikuja wavulana wawili wamebeba dumu lililokatwa juu, maji yakimwagika miguuni mwao. Ndani ya dumu walikuwamo furu wazima, kambare wadogo, na visamaki vingine. Baba mdogo alichota kwa bakuli akahesabu wawili wawili. Mzima alilipiwa, mfu alirudishwa, kwa maana sangara hupenda chambo kinachotapatapa, kama alivyogundua yule mzee wa Ufini. Mmoja wa wavulana alikuwa amevaa shati la shule. Aliniamkia vizuri, “Shikamoo, mjomba,” nami nikamwuliza yuko darasa la ngapi. Akasema la sita. Nikamwuliza wamevuaje furu wengi hivyo kwa siku moja. Akatazama miguu yake. Baba mdogo akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Nikaelewa kwamba swali langu halikuwa na wenyewe pale, nikaliacha.

Tukaondoka jua likizama. Kazi ya kutega migonzo inataka mikono mitatu na wewe una miwili. Mmoja anaendesha, mmoja anachomeka chambo chini ya pezi la mgongoni kwa uangalifu ili samaki asife, mwingine anaiachia kamba majini bila ndoano kumnasa mtu. Tulikuwa na ndoano 300. Mwanzo wa kamba ulifungwa jiwe na boya la dumu tupu, mwisho vivyo hivyo. Kisha tukapoa, tukala ugali baridi na dagaa. Mbali, taa za wavuvi wa dagaa zilisimama mstari kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola.

Alfajiri tukavuta. Ndoano ya kwanza tupu, ya pili tupu, ya kumi tupu, chambo kimeliwa na mlaji amekwenda zake. Halafu akaja gogogo mmoja na miiba yake, baba mdogo akamtoa kwa kitambaa. Akaja kamongo aliyejizungusha akasokota vikamba sita pamoja. Katika ndoano zote 300 tulipata sangara watano. Mkubwa wao alipofikishwa ndani ya mtumbwi alitapika, na alichotapika ni sangara mwingine mdogo, mrefu wa shubiri moja.

“Umeona?” baba mdogo akasema. “Furu walipomwishia, alikula watoto wake.”

Ni kweli. Wataalamu nao walilikuta hilo katika matumbo ya sangara tangu furu walipoadimika. Sangara mmoja mkubwa wa kike hutaga mayai kwa mamilioni, hivyo anaweza kula wengine na ukoo usikatike. Furu si hivyo. Mama furu hubeba mayai yake mdomoni, machache, na watoto wakitoka huwalinda mumo humo mdomoni. Ukimvua yeye umevua na kizazi chake. Habari njema ni kwamba tangu miaka ya 1990, sangara walipovuliwa kwa wingi na kupungua, baadhi ya aina za furu zimerudi, nyingine zikiwa zimebadilika hata maumbile ya matamvua ili ziweze kuishi katika maji yenye hewa haba. Wanarudi wachache wachache, na wanarudia pale pale pembeni, penye maji mafupi na majani.

Wakati wa kurejea nikaona saa yangu imefika. Nilimfunga samaki wangu wa bandia kwenye mshipi, nikamwachia nyuma ya mtumbwi, baba mdogo akapunguza mwendo ili nifurahi. Samaki wa kwanza wa maisha yangu kwa chambo cha Ulaya alikuwa fungu la magugu maji. Vijana wakapiga makofi. Nikamtupa tena. Tulipokaribia matete, mshipi ukakaza ghafula. Nikavuta. Kilichokuwa upande wa pili kilikuwa kizito, na hakikupigana.

Baba mdogo alizima injini. Vijana wakanyamaza. Mzee akavua kofia yake.

Huenda msikilizaji wa mbali asielewe kimya kile. Wavuvi wa ziwa hili wakigusa kitu kizito kisichotikisika, hawafikirii samaki kwanza. Mwaka 1994, maiti za mauaji ya Rwanda zilishuka na mto Kagera mpaka ziwani, na nakumbuka mimi nikiwa mtoto jinsi watu walivyokataa kula samaki. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, wakafa watu kwa mamia. Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa watu 19 na kuokoka 24, waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ziwa limewapa wavuvi wetu kazi ambazo hawakuzitegea ndoano.

Nikavuta polepole, mikono ikinitetemeka. Kikatokea kitu cheupe. Kikawa kitambaa. Halafu nikaona matundu yake madogo sana, na maboya ya ndala zilizokatwa, nikashusha pumzi. Lilikuwa kokoro dogo, limeshonwa kwa vipande vya chandarua, limefungwa jiwe na kufichwa chini ya maji. Ndoano zangu za Ulaya zilikuwa zimelishika katikati. Ndani yake mlikuwa na furu, wengine wafu, wengine wakipepesa mapezi. Mlikuwa pia na vitoto vya sato na vya sangara, vidogo kama kucha. Furu mmoja aliyekuwa ukingoni alifungua mdomo, vikatoka vichembe vyenye macho, vikasambaa majini.

“Ni la wale watoto,” baba mdogo akasema. “Mchana wanalizamisha hapa, wakihofu doria.”

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mzee akanitazama.

“Wewe ndiye uliyesifu moto,” akasema.

Ndugu msikilizaji, ni kweli. Mwaka 2018, wakati wa operesheni kubwa dhidi ya uvuvi haramu katika ziwa hili, nilisimama mbele ya kipaza sauti nikasifu kuchomwa kwa nyavu. Nilieleza kwamba kokoro linakokota mazalia, kwamba sangara chini ya sentimeta 50 ni marufuku, na kwamba mvuvi mwema aachane na nyavu ndogo avue kwa ndoano, kwa kuwa ndoano kubwa huchagua samaki mkubwa. Nilipongezwa kwa mazungumzo yale. Nilikuwa nimesahau kwamba hata baba mdogo ana redio.

“Ulisema kweli,” akaendelea, bila hasira. “Kokoro linaua ziwa. Nami nilikusikiliza, mwanangu. Niliuza nyavu zangu, nikanunua ndoano. Lakini hukuniambia chambo nitakitoa wapi.”

Nilitafuta jibu, nikakosa. Baba mdogo akanipa kisu. “Hili umelikamata wewe,” akasema. “Amua wewe.”

Sheria ilikuwa wazi. Nilipaswa kulipandisha mtumbwini na kulikabidhi kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni. Nililifikiria shati la shule. Nilifikiri kwamba watano wale waliolala ndani ya mtumbwi walikuwa wamekula chambo kilichotoka katika kokoro hili hili, na kwamba jioni ile ningekula mmoja wao. Nilikata mshipi. Samaki wangu wa shilingi 40,000 akashuka chini pamoja na kokoro, na furu wake, wazima na wafu.

Sikusimulii haya ili unisifu. Nilikosea, na bwana samaki anayenisikiliza ana haki ya kunikunjia uso. Ile chandarua iliendelea kuua baada ya mimi kugeuza uso. Nasimulia kwa sababu siku ile niliona tundu lililo katika mazungumzo yangu ya zamani, na nadhani tundu hilo limo pia katika mipango yetu mingi. Tunapima matundu ya nyavu. Tunampima samaki kwa rula. Hatuulizi chambo kinatoka wapi. Tunamwambia mvuvi atumie chombo halali, na kila jioni chombo hicho halali kinadai mamia ya samaki wadogo wazima, ambao njia rahisi ya kuwapata ni ile ile tuliyoipiga marufuku. Mkubwa anabaki safi, na kosa linabebwa na mtoto mwenye dumu.

Je, tufanye nini? Mimi si mtaalamu wa samaki, lakini nimeuliza, na jibu halihitaji miujiza. Kambare anaweza kufugwa. Anazalishwa katika mabwawa kwa maelfu, anakua haraka, na kwa kuwa ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, hafi upesi ndani ya dumu wala kwenye ndoano. Jirani zetu wa Uganda na Kenya wanao wafugaji wanaouza vifaranga vya kambare kwa wavuvi wa sangara, kuwa chambo. Sisi hapa Mwanza tuna chuo cha uvuvi pale Nyegezi, tuna watafiti wa TAFIRI, tuna maji na tuna vijana. Mabwawa mawili matatu karibu na kila mwalo mkubwa yangemfanya yule mvulana awe muuza chambo halali baada ya masomo, au mzazi wake awe ndiye mwuzaji naye abaki shuleni.

Na wenye viwanda wasijitoe katika hesabu hii. Watu wazima wa Mwanza wanakumbuka mwaka 1999, Ulaya iliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Tangu kiwandani hadi kisiwani, kila mtu alijifunza kuuliza samaki huyu amevuliwaje. Hakuna aliyesema swali hilo ni gumu, kwa kuwa fedha ilikuwa imesimama. Basi kama tuliweza kuuliza kuhusu sumu, tunaweza kuuliza kuhusu chambo, kabla hatujalazimishwa na mnunuzi wa ng'ambo.

Nina jambo moja limebaki. Siku kumi baadaye nilirudi kumsalimu baba mdogo. Tulipokuwa tumekaa kivulini, yule mvulana wa darasa la sita akaja, mikono nyuma kama siku ile. Alisimama mbele yangu, akaleta mkono mmoja mbele, akafungua kiganja. Alikuwamo samaki wangu wa bandia, rangi imechubuka ubavuni, ndoano moja haipo.

“Mjomba,” akasema, “nimemkuta samaki wako.”

Alijua nimelikuta kokoro lao. Alijua pia kwamba sikulipeleka mahali. Hatukulizungumza hilo. Nikamshukuru, nikamwambia anaweza kukaa naye. Akamgeuzageuza, kisha akaniuliza swali la kibiashara kabisa.

“Huyu akiliwa hafi?”

Nikamwambia hafi. Anatumika tena na tena, mpaka mshipi ukatike.

“Wangekuwepo mia tatu,” akasema, “tusingekwenda kule usiku.”

Baba mdogo alinitazama, nami nikatazama ziwa. Tangu hapo nimekwisha zungumza na mfugaji mmoja wa kambare, na baba mdogo amekubali kujaribu ndoano 50 kwa chambo cha bwawani tuone sangara atasema nini. Sangara akijibu, nitakuletea jibu lake hapa hapa. Nawe msikilizaji uliye kando ya ziwa, Musoma, Bukoba, Ukerewe, Sengerema au Geita, kama unafuga kambare, au umewahi kutega kwa chambo cha kufugwa, niandikie uniambie bei yake na matokeo yake. Nitasoma barua zenu zote, na zile zitakazonilaumu kwa kukata mshipi nitazisoma kwanza.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nakutakia jioni njema. Kwaheri.